Weka ya Chuma Tu, Khalas!

Kwa heshima ya wakubwa waliokaa barazani, na kwa idhini ya mwenye kahawa yake, naomba niseme kidogo. Hii "weka ya chuma tu, khalas" mmeitoa wapi? Kijana wa watu kaja na gari lake la rimoti, monsta traki la matairi manene, shafti ya gurudumu la nyuma, ile fimbo inayopeleka nguvu ya mota gurudumuni, imekatika, kauliza kwa adabu aweke ipi iliyo imara zaidi. Baraza zima, ambalo kwa umoja wake halijawahi kufungua hata cheni ya baskeli, likajibu kwa sauti moja: chuma. Chuma kipi? Urefu gani? Kichwa cha namna gani? Mtu akenda kununua kanzu Darajani huulizwa urefu na kifua, lakini shafti, ah, shafti ni chuma tu.

Basi kijana kaitii baraza. Kaenda zake Mwanakwerekwe kwa fundi mkereza.

"Nini hii, mwanangu?"

"Shafti, ami. Ya gari."

"Gari gani? Noah?"

"La rimoti, ami."

Fundi akakigeuzageuza kile kipande cha plastiki kwenye kiganja chenye grisi. Akakinusa. Sijui alitarajia kitanuka nini. Kisha akachukua futi ya kupimia mbao, akakiweka juu, akafumba jicho moja. "Sentimita kumi."

Kijana, Mungu ambariki, alikuwa na kalipa mfukoni. Akasema kwa upole: "Ami, ni milimita 98.4, kutoka pini mpaka pini."

"Ndo hiyo kumi. Hizo nyengine za nini?"

Hizo nyengine, ami, ni milimita moja na pointi sita, na ndizo zinazoua gari. Shafti ikizidi urefu, mkono wa gurudumu ukipanda hakuna pa kuendea. Inasukuma ndani kikombe cha difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu magurudumuni, beringi inakula ubavu, na gari likishatua mara chache unatafuta difu nzima badala ya shafti moja. Ikipungua, gurudumu likining'inia pini inachomoka kwenye kikombe, na hapo utaona shafti inazunguka hewani inapiga kila ilichokikuta. Kijana akaeleza yote hayo. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Ikizidi tutapunguza kwa tupa."

Akenda nyuma ya banda, akarudi na nondo ya milimita 8. Akaipiga chini ikalia. "Hii imebeba maghorofa ya Michenzani. Itashindwa na kidude hichi?"

Sasa hapo pana watu wawili wa benchini. Benchi la fundi halikai tupu nchi hii, hata umeme ukikatika. Mmoja ni ami aliyewahi kuendesha lori la Bedford la shamba mpaka Makunduchi, na kila kitu duniani hukipima kwa Bedford. Akasema kwani kuna haja gani ya mpya, lehemu tu pale pale. Plastiki, ami. Ilehemiwe plastiki. Akaambiwa ni plastiki, akasema, "Basi ndo maana imevunjika." Wa pili akatoa tiba yake: supaglu na majivu. Tena akaieleza kwa vipimo, majivu kidogo, tone moja, majivu tena, kama daktari. Inashika kweli bamba la pikipiki, sikatai. Lakini shafti haivutwi wala haikandamizwi, inasongolewa, na inasongolewa na mota inayotoka kimya mpaka kasi yote kabla hujamaliza kusema bismillahi.

Na nondo nayo, fundi wangu, kazi yake ni kuvutwa ndani ya zege, na imetengenezwa makusudi ipinde kabla ya kukatika ili jengo likuonye. Ukiikereza mpaka milimita 5 ukaisongoa, inabaki imejisokota na hairudi. Shafti inataka chuma kilichopitishwa motoni kikapozwa kwa kanuni kikawa kigumu, kisha kikapashwa tena kidogo kisije kikakatika vipande. Ndiyo maana ukikilehemu unakiharibu: palipopata joto pamelainika, na hapo ndipo patakapokatika safari ijayo.

Fundi akauliza: "Kwa hivyo unataka au hutaki?"

Kijana akataka. Akalipa. Nondo ikakerezwa, ikatobolewa tundu la pini kwa jicho, tundu likakaa upande. Jioni Maisara, gari likaenda mwendo wa kiti na kiti, likaanza kutetemeka, likalala. Ami wa Bedford, ambaye sijui alifikaje, akasema ingekuwa Bedford isingelala.

Sasa tuzungumze kama watu.

Kwanza ujue gari lako lina shafti ya aina gani. Magari mengi ya bei ya kati, kama Stampede 4X4 ya kampuni ya Traxxas, huja na zile za plastiki za kuingiana: nusu moja ina meno nje, nusu ina meno ndani, zinarefuka na kufupika gurudumu likipanda na kushuka, na kila ncha ina krosi, kile kifundo cha msalaba kinachoiruhusu shafti kupinda. Ni nyepesi, zinastahimili mkono wa gurudumu mrefu, na zinakufa kwa njia mbili: meno yanalika mpaka yanaruka, au masikio ya krosi yanapasuka. Za chuma za aina iitwayo CVD ni kipande kimoja. Upande wa gurudumu kuna kifundo chenye pini kilichofichwa ndani ya kikombe cha ekseli, upande wa difu kuna kichwa chenye pini kinachoteleza ndani ya kikombe. Ni imara zaidi, lakini hazisamehe urefu wala pembe.

Pima kutoka pini mpaka pini, gurudumu likiwa limening'inia, limesimama kawaida, na limekandamizwa mpaka mwisho. Springi itoe kwanza, la sivyo utapima huku unashindana nayo. Na usipime sehemu tatu ukadhani umemaliza. Lipandishe na kulishusha polepole, kwa sababu kwenye magari mengine masafa mafupi kabisa yako katikati, shafti inaponyooka. Pini iwe imezama vizuri ndani ya kikombe pale mbali kabisa, na pale karibu kabisa ibaki nafasi ya kama milimita moja ya kupumua. Mbele, geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto huku unazungusha gurudumu kwa mkono. Ukihisi linakwama, kifundo kimefika mwisho wa pembe yake. Dawa si kukata kitu. Fungua shokapu, weka kipete cha plastiki kwenye fimbo yake chini ya pistoni, ili gurudumu lisishuke mno.

Usinunue kwa jina la gari peke yake. Traxxas Maxx ya kawaida na ile iliyotanuliwa kwa vifaa vya WideMaxx ni Maxx zote mbili, shafti hazibadilishani. Angalia na kitovu, pale gurudumu linapofungwa: pembe sita ya milimita 12 kwa magari madogo, 17 kwa makubwa, na X-Maxx ina yake ya 24. Beringi soma namba zilizochongwa ubavuni. Watu wanaagiza shafti, zinavuka bahari, zinakaa Dar, zinapanda boti mpaka Malindi ya Unguja, wanafungua boksi na kumbe ekseli inataka beringi ambayo hawanayo. Hapo gari linakaa juu ya kabati mpaka mfungo.

Unene nao watu wanauchezea. Nguvu ya shafti dhidi ya kusongolewa haipandi kwa hesabu ya dukani, inapanda kwa unene mara unene mara unene. Kutoka milimita 4 kwenda 5 unaona umeongeza robo tu, lakini umekaribia kupata mara mbili. Kwa hivyo usisikilize maneno ya "chuma maalumu" kama shafti yenyewe ni kasindano. Alumini ya 7075, ile aina ngumu, ni nzuri kwa shafti ndefu ya katikati, ni nyepesi. Kwa magurudumuni siipendi: jiwe likiipiga inapinda, na matundu ya pini yanageuka yai.

Za kuingiana, ukizitenganisha kusafisha, zirudishe masikio ya krosi ya ncha zote mbili yakitazama upande mmoja. Ukikosea kwa robo mzunguko gari linatetemeka, na mtu atakwenda kubadilisha matairi, vitovu, beringi, mpaka imani. Na usiweke shafti mpya kwenye kikombe kizee. Kikipigwa miezi na pini kinachimbika kamfereji na mdomo unafunguka, pini mpya inaparuzwa humo humo. Badilisha vyote pamoja, na mfuko ukiwa mwepesi anza na jozi ya nyuma, maana monsta traki likiinua pua mzigo wote uko huko.

Sasa lile ambalo baraza halitaki kusikia. Shafti ya plastiki ilikuwa fyuzi. Kitu cha bei ndogo kinakatika ili cha bei kubwa kipone. Ukiweka ya chuma hujaondoa mvunjiko, umeuhamisha: kesho yatalia meno madogo ndani ya difu, kesho kutwa pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha gia kubwa. Kabla ya kujivuna, fungua difu uone gia kubwa na pinioni zinakutana vizuri. Zikiwa na mwanya, kuna washa nyembamba za sehemu ya kumi ya milimita za kuzisogeza. Na klachi ya kuteleza, ile inayoachia kidogo mzigo ukizidi, usiikaze mpaka ife. Kaza nati mpaka mwisho, ilegeze nusu mzunguko mpaka mzunguko mmoja kufuatana na gari, kisha ondoka kwa nguvu kwenye lami: usikie mlio mfupi wa kuteleza, si kimya wala si mlio usiokwisha.

Na kwa betri ya seli mbili, volti 7.4, mara nyingi shafti haina kosa lolote. Kosa ni la kidole. Gari liko juu, kidole kimekandamiza, matairi yanavimba kwa kasi, yanagusa ardhi na kusimama ghafla, na shafti ndiyo inayopokea tofauti hiyo. Achia kidole kabla ya kutua! Bob Chandler wa St. Louis, Marekani, mwenye lile Ford F-250 la 1974 lililoanzisha balaa hili lote la monsta traki, aliitwa Bigfoot kwa sababu ya mguu wake mzito uliokuwa ukivunja ekseli. Alikuwa na karakana. Wewe una nini? Una chumba kimoja Kikwajuni na bisibisi ya kuazima. Ukitaka raha kabisa tafuta Clod Buster ya Tamiya, ya tangu 1987, mota iko juu ya kila ekseli, shafti za kuning'inia haina. Lakini utasema haikimbii.

Wa seli tatu kwenda juu, na matairi mazito, haya, weka chuma, una haki. Lakini usiende nayo pwani maji yakitoka halafu ukairudisha mvunguni na chumvi yake. Chuma kigumu kwa shafti mara nyingi si kile kisichoshika kutu. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, tia mafuta, na vifundo uvipake grisi ya boti baada ya kutoa mchanga. Grisi juu ya mchanga ni msasa.

Limebaki la skrubu ndogo inayozuia pini isitoke kwenye kifundo. Isipotiwa gundi ya nati, ile ya buluu, inalegea, pini inatambaa nje na kuanza kukata mkono wa gurudumu. Safisha mafuta kwanza, tia tone moja, iache usiku kucha. Basi nenda dukani ukaombe gundi ya nati ya buluu. Utaletewa ya viatu. Sio hii. Utaletewa ya mbao. Sio hii, ndugu yangu, ya buluu. Atapanda juu ya ngazi, atashuka na vumbi, na rangi ya kucha. "Si umesema buluu?" Na kinachoniudhi ni kwamba rangi ya kucha inashika. Si kwa shafti ya seli nne, lakini kwa skrubu za bodi inashika vizuri sana. Sasa kamueleze mkeo, asubuhi ya harusi, chupa yake imeishia wapi.