Pepo wa Miaka 12

Mjomba wangu ni mganga wa pepo huko Vanga, na Kiingereza chake alikisomea gumbaru, uzeeni. Mtu wa namna hiyo hafai kuachwa peke yake Nairobi hata kwa dakika mbili.

Njia nzima kutoka stesheni ya SGR pale Syokimau alibandika uso kwenye dirisha la matatu, akisoma mabango. Kila kona: "Wines & Spirits." Neno la kwanza lilimpita. La pili alilijua vizuri, maana gumbaru waliambiwa "spirit" ni pepo, basi.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "hawa wenzetu wote hawa, wagonjwa wanawatoa wapi?"

Nikadhani anatania. Tuliposhuka nikaingia kwa wakala kutoa pesa, kutoka nje simwoni. Kumbe yuko ng'ambo ya barabara, na kanzu yake, kofia ya viua na bakora, amesimama mbele ya duka la vileo. Saa kumi na moja ilikuwa imepita kidogo. Tangu ile sheria ya vileo ya 2010, ambayo watu waliibandika jina la mbunge Mututho, baa za Kenya siku za kazi zinatakiwa kufunguliwa saa kumi na moja jioni, na duka hili nalo lilikuwa ndiyo kwanza linafungua. Kwa mjomba huo ulikuwa ushahidi tosha, kwani pepo nao huanza kutembea magharibi ikikaribia. Halafu ule wavu wa chuma, na chupa zimepangwa nyuma yake! Nabii Suleiman hakuwafungia majini kwa namna nyingine.

"Mzee, nikupe gani?" muuzaji aliuliza.

"Wakali mnao?"

"Kali ndiyo kazi yetu. Hii imetoka Scotland, ya miaka 12."

Kijana yule ni wa Nairobi. Kwake mtu ni "hii", mbuzi ni "hii", serikali ni "hii", kwa hiyo ngeli za mjomba hazikumshtua hata kidogo.

"Miaka 12! Bado mtoto. Anapanda kichwani?"

"Mzee wangu, hii inapanda kichwa kabla ufike kwa steji."

"Na akishapanda husema lugha gani?"

Kijana akafikiri. "Kizungu. Hata kwa wale hawajasoma."

"Kushuka je?"

"Kushuka ni asubuhi. Na supu."

Mjomba aliponiona nafika mbio akatikisa kichwa kwa heshima. "Huyu kijana anaijua kazi." Hapohapo akatoa mrashi mfukoni, akaanza kuunyunyizia wavu marashi huku akisoma Ayatul Kursi. Wateja wakavua kofia. Mmoja akapiga magoti akilia, "Mzee, mimi ninao tangu nikiwa kijana, nitoe!" Wengine wakatawanyika.

Muuzaji akawaka. Saa yenyewe ya biashara ndiyo hiyo, na wateja wamekimbia. Ama ninunue kitu, ama aite polisi. Nikanunua ile ya Scotland. Mfuko hakuna, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na siku hiyo hata kipande cha gazeti hakuwa nacho. Nikaondoka na mzinga mzima mkononi, uchi wa mnyama, nikiandamana na mzee wa kanzu.

Njiani nikajaribu kumfafanulia. Neno lenyewe ni la Kilatini, spiritus, maana yake pumzi. Mabingwa wa zamani walipochemsha kilevi, ule mvuke unaopanda waliuita roho ya kile kitu. Ukanaswa, ukapozwa, ukawa maji, ukaingia chupani na jina lake. Kufika karne ya 17 Waingereza wanaiita hivyo pombe kali. Hata alkoholi ni Kiarabu, al-kuhl, wanja huu huu wa machoni.

"Pumzi," mjomba akasema. "Na pepo si nduguye upepo? Kimepanda, kimekamatwa, kimetiwa chupani. Sasa mimi nimekosea wapi?"

Nikakosa la kujibu. (Unguja wako pepo wa kibuki, wa asili ya Bukini, yaani Madagaska, ambao wakipungwa hudai brandi. Hilo nililimeza, ningempa silaha.) Nikamwambia whisky ni neno la Kigaeli, maji ya uhai.

"Maji ya uhai," akarudia, akamnyooshea bakora jamaa aliyelala mtaroni. "Na huyu?"

Kabla sijajibu, mbele yetu akatokea muadhini wa msikiti wetu. Akaitazama chupa. Akaitazama kanzu. Salamu ikamkwama katikati.

Isha haijaadhiniwa, simu ya mama kutoka Mombasa. "We mtoto! Kaka yangu umempeleka ulevini?"

Mjomba akaninyang'anya simu. "Usimgombeze, dada. Kanunua mmoja tu, Mskochi, na yumo chupani, kizibo nimekikaza mwenyewe."