Moto Ukikimbilia Pembeni, Usiongeze Ampea

Kwenye karakana zetu za kuchomelea hapa Arusha, kuanzia Unga Limited mpaka Njiro, moto wa rodi ukianza kukimbilia upande mmoja wa kiungio cha bomba hukumu hutoka haraka: rodi zina unyevu, au fundi hajui kazi. Kisha ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) zinaongezwa. Naona huko ndiko kuharibu, maana kama bomba lenyewe lina sumaku, nguvu inayousukuma moto hukua pamoja na mkondo. Mdomo mmoja unayeyuka, wa pili unabaki baridi, na magamba (uchafu wa rodi iliyoyeyuka) yananaswa katikati. Kwa nje mshono unapendeza. Maji yakija na presha, unavuja.

Zima mashine kwanza, upime. Ning'iniza kipande cha waya mwembamba wa chuma kwenye uzi, kisogeze kwenye pengo la kati ya midomo miwili ya bomba. Kikivutwa, au vumbi la grenda likisimama wima mdomoni mwa bomba, jibu umelipata. Mwenye mita ya gausi, yaani ya kupima nguvu ya sumaku, ana uhakika zaidi: chini ya gausi 10 kazi kwa kawaida huenda, kwenye 20 moto unayumba, ikipita 40 tabaka la kwanza la mshono karibu halipigiki. Pima bomba mbili zikiwa tayari zimepangwa na pengo la milimita 2 au 3. Sumaku hujikusanya pale penye pengo, hivyo kipimo cha bomba likiwa peke yake kinadanganya.

Kama waya hauvutwi kabisa, tatizo liko kwenye njia ya mkondo. Hamisha klampu ya ethi (kibanio cha kebo inayorudisha mkondo kwenye mashine), au funga mbili, moja kila upande wa kiungio.

Sumaku inatoka wapi? Kwa wanaotengeneza bampa na fremu za magari ya watalii, mara nyingi ni zile sumaku za pembe za kushikilia kona. Shika kwa pointi (vishono vidogo vya kushikiza), kisha ziondoe zote kabla ya kuchomelea. Bomba kubwa huja nayo kutoka kwenye winchi za sumaku au ukaguzi wa nyufa. Hata kulaza bomba muda mrefu kuelekea kaskazini na kusini, huku likigongwagongwa, huchangia. Huku kwetu Arusha na Moshi usumaku wa dunia umelala zaidi kuliko unavyozama, kwa hiyo panga bomba zako mashariki kwa magharibi. Ni bure.

Dawa ninayoiamini ni kebo. Kwa mwenye mashine moja ya DC, yaani ya mkondo wa mwelekeo mmoja, zungusha kebo ya ethi kwenye bomba, karibu na kiungio, mizunguko 3 hadi 6, ndipo ubane klampu. Jaribu moto. Ukizidi kukimbia, geuza mwelekeo wa mizunguko. Ukitulia lakini si sawasawa, ongeza au punguza mzunguko mmoja mmoja. Mwenye mashine mbili afanye vizuri zaidi: ya pili ipitishe mkondo kwenye mizunguko kama 5 kila upande wa pengo, yote kwa mwelekeo mmoja. Anza na ampea 30, panda taratibu huku ukiangalia waya wa uzi. Ukiacha kuvutwa, simama hapo, na usizime mpaka tabaka la kwanza likamilike. Ukipitiliza, unaweka sumaku mpya ya upande wa pili. Tumia kebo yenye mpira mzima, na uangalie isichemke.

Wengi wameuza mashine zao nzito za AC, yaani za mkondo unaogeukageuka, kwa chuma chakavu baada ya kununua invata, zile mashine ndogo nyepesi za kisasa. Mimi ningeibakiza moja. Mkondo wa AC hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo moto hauna upande wa kukimbilia. Rodi ya E6013 inakubali AC bila shida. Ya E6010 imetengenezwa kwa DC, usihangaike nayo hapo. Kwa vyovyote fupisha moto, shusha ampea kidogo, na upige vipande vifupi ukirudi nyuma kuelekea ulipoanzia. Kila kipande kinachoziba pengo kinaipa sumaku njia ya kupita ndani ya chuma, ndiyo maana tabaka la pili huwa rahisi.

Kupasha bomba kwa gesi hakutoshi. Chuma hupoteza usumaku kwenye nyuzi joto 770 za Selsiasi hivi, na hata ukifika huko, mdomo ukipoa sumaku ya sehemu iliyobaki ya bomba inarudi palepale.