Bibi Yangu Hakuita Ndoo ya Maji

Jumamosi nilialikwa kwenye tamasha la vitabu Mombasa, nyumbani, nisome kurasa mbili za riwaya yangu. Nilifika kwa basi la usiku, miguu imevimba, furaha tele. Nikasoma hadi pale bibi anapomwita mjukuu wake: "Ndoo, mwanangu," yaani njoo, kwa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa.

Mwendesha kikao akanikata kauli. "Samahani mwalimu, bibi anamwita mtoto ndoo?" Viti vya mbele vikaangua kicheko. Viti vya nyuma, walikokaa kina mama wa mtaani, kimya. Akaendelea kunishauri kwamba toleo lijalo mhariri "asafishe lahaja." Asafishe! Kana kwamba bibi yangu alikuwa akitema uchafu.

Na hapo tuko Mombasa, si Eldoret. Muuza mahamri nje ya lango anasema mato kwa macho, ndia kwa njia, nti kwa nchi, wala hakuna anayemcheka, maana mahamri anayo yeye.

Hicho tunachokiita Kiswahili sanifu hakikushuka na mvua. Ni Kiunguja, lahaja kama lahaja nyingine, kilichopitishwa kwenye mkutano wa enzi ya ukoloni mwaka 1928. Mkutano wenyewe ulikaa wapi? Mombasa! Kimvita kilinyimwa kiti sebuleni kwake. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusanifisha, na kuanzia hapo maneno ya bibi yakageuka makosa ya tahajia. Muyaka huyo huyo, mshairi wa kale wa Mombasa tunayemsifu vyuoni, leo akipeleka shairi kwa mhariri, litamrudia limejaa wino mwekundu.

Haya, nakubali, shingo upande: bila sanifu nisingesomwa Mwanza wala Bujumbura. Wapo pia washairi wetu wanaofukua maneno makaburini ili tuwaogope. Lakini masimulizi yangu yote ni sanifu. Kinywa cha bibi tu ndicho nilichokiacha kilivyo.

Baada ya kikao bi mkubwa mmoja akanivuta mkono. Hata salamu yangu hakuisubiri. "Yule kijana hana mashikio?" Akaniamuru niweke ulimi kwenye meno nimwite mtoto: ndoo. Kisha niurudishe nyuma kidogo, kwenye ufizi, niagize ya maji: ndoo. Tukasimama pale mlangoni tukiitana ndoo kama wendawazimu, watu wanatupita na mifuko yao ya vitabu. Sauti mbili kabisa! Nimezaliwa Kuze, humu humu Mombasa, nimezitamka maisha yangu yote, sikuwahi kujua kwamba ulimi wangu unahama. Sanifu haina tofauti hiyo, na herufi tunazoandikia zinazichora sawa, ndiyo maana yule bwana hakuona ila ndoo ya kutekea. Yaani asiyesikia sauti mbili ndiye aliyepewa kipaza sauti amsahihishe anayezisikia. Nami, mtu mzima mwenye vitabu vitatu, nilikuwa nimecheka naye kidogo, kwa adabu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Vitabu niliuza kumi na kimoja. Chai ilikuwa baridi.

Nilipokuwa nafunga mkoba, msichana mwenye sare ya shule akanisogelea, daftari kifuani. "Mwalimu, kwetu mchele twasema mtele. Nikiandika mtele kwenye insha, nitakatwa maksi?"

"Utakatwa," nikamwambia.

Akaliandika hilo pia.