Eti akina mama hawana mwamko

Wiki iliyopita nilipewa ripoti ya mradi mmoja wa dagaa niiweke kwa Kiswahili, isomwe kwenye mkutano wa mtaa huku kwetu Kayenze, kando ya Ziwa Victoria. Nilipofika ukurasa wa tisa nikaitua mezani. "Changamoto: mwamko mdogo wa akina mama katika kushiriki." Mmoja wa hao akina mama ndiye aliyenizaa.

Ngoja niwaambie huo mkutano wa kuwashirikisha uliitwa lini. Uliitwa saa tatu asubuhi, katikati ya giza, yaani zile siku ambazo usiku hauna mbalamwezi. Mtu wa ziwani keshacheka. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukijaa taa haina kazi. Kwa hiyo mwalo, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, una kalenda yake: mbalamwezi ni muda wa kushona nyavu, kuoza mabinti, kumaliza arobaini, kwenda mjini. Giza likiingia, hakuna wa kumwita mwenzake. Mitumbwi inafika alfajiri, mama ananunua kwa ndoo, anaanika, anageuza, jicho moja liko kwenye mawingu. Mvua ikiwawahi kabla hawajakauka, bei inashuka mpaka ya chakula cha kuku. Saa tatu hiyo wewe unamtaka ukumbini akabandike vikaratasi vya rangi ukutani?

Nilimuuliza mwezeshaji, kijana mpole tu, wala sina ugomvi naye: kwa nini msingesubiri siku kumi? Akasema robo ya mwaka wa mradi ilikuwa inaisha, na hela ya mkutano isipotumika inarudi. Basi. Robo ya mfadhili imegongana na mwezi wa Mungu, na aliyeandikwa ana kasoro ni mama.

Mwaka 1969 Mmarekani mmoja, Sherry Arnstein, aliuchora ushirikishwaji kama ngazi ya vipandio nane. Chini kabisa ni kuchezewa shere, juu ni wananchi wenyewe kuamua. Kuombwa maoni ni cha nne, na hicho nacho alikihesabu kuwa geresha. Sisi hata cha nne hatujakigusa. Tuna kipandio chetu, karatasi ya mahudhurio: jina, simu, sahihi, nauli. Waliosaini siku ile wengi ni vijana wa bodaboda, na kwenye ripoti wamekuwa "wadau wa mnyororo wa thamani". Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Chanja za kuanikia dagaa zikajengwa juu kule barabarani, gari la wageni linapoweza kusimama na kibao kikaonekana. Aliyewahi kubeba ndoo ya dagaa wabichi kupandisha kilima anajua kilichofuata. Sasa hivi zinaanikiwa sare za shule. Uendelevu upo, tusiseme haupo.

Kujengewa uwezo ndiyo usiniulize. Mama kafundishwa siku mbili tofauti ya mtaji na faida, yeye aliyesomesha watoto watano kwa dagaa.

Haya, nisiwe mchoyo. Kisima cha shule kilichimbwa kwa hela za wafadhili hao hao, na kinatoa maji mpaka leo. Ila hicho nacho kilihamishwa baada ya bibi mmoja kuwaambia kwamba pale walipopima hufurika kila masika. Alikuwa anapita tu na kuni zake.

Mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura itawafikia wenyeji, moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. 2020 ikaja, ikapita, ahadi haijatimia. Na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka ziwani karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220, waliotangulia kuopoa watu majini ni wavuvi na mitumbwi yao. Hao hakuna aliyewapima mwamko.

Jana simu imeingia: tathmini ya mwisho ya mradi, Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi. Nikahesabu siku za mwezi kwa vidole. Giza. Nikamwambia mama, naye hakuinua hata kichwa kwenye dagaa zake.

"Nenda wewe mwanangu, ukanisainie. Na soda yangu usiinywe njiani."