Asilimia 41.67 ya watu kumi na wawili

Wiki iliyopita nilikaa kwenye jopo la kusikiliza ripoti za utafiti za wanafunzi wa mwaka wa tatu, chuo sikitaji maana mkate wangu unatoka huko huko. Kijana kasimama, shati limepigwa pasi linakata, projekta inawaka, anasoma: "Asilimia 41.67 ya wavuvi waliohojiwa walisema tatizo ni bei ya mafuta." Nikamuuliza umehoji wavuvi wangapi? Kumi na wawili. Haya, hao 41.67 ni watu wangapi? Kimya. Akageukia skrini kama vile jibu litachomoza huko, halafu akanambia taratibu, "Mwalimu, hiyo ndio ilotoka kwenye SPSS," ile programu ya kompyuta ya takwimu.

Watano jamani. Ni watu watano! Pengine wote wanavulia ngalawa moja, na huyu kenda kuwakatakata mpaka desimali mbili.

Tena mwenye kosa si yeye. Pale mezani tulikuwa watatu na hakuna aloshtuka, mmoja wetu alichomuuliza ni kwa nini vichwa vya kurasa havifanani. Nikatoka pale nna hasira mpaka nikapitwa na daladala mbili za mjini.

Sasa najua mtasema watoto wa siku hizi hesabu hawajui. Mimi nasema wanazijua, na hapa ndipo ninapogombana na watu kila siku. Mwaka jana darasani niliandika ubaoni 1/8, chini yake nikaandika thuluthi mbili toa robo, hivi hivi tu kuwapima, na darasa lote la HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) wakaangalia chini kama tuko mazikoni. Nikafuta. Nikasema, haya, mtu kafa, kaacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja, gawa. Wallahi darasa likafufuka. Binti mmoja nyuma kabisa, ambae muhula mzima sijasikia sauti yake, akasema mke ana thumni, moja ya nane, ilobaki mafungu matano, kila mwanamme mawili na mwanamke moja, kwa hivyo fanya arubaini: mama tano, kila mwanamme kumi na nne, mwanamke saba. Bila kalamu. Nikamuuliza kajifunza wapi, akasema kwa babu yake, watu wakija nyumbani na kesi za mirathi yeye ndo alokuwa akileta kahawa.

Huyo ana F ya hesabu ya fomu foo. Aliniambia mwenyewe, anacheka.

Na usidhani mirathi ni hesabu za kienyeji, Al-Khwarizmi, huyo wa Baghdad karne ya 9 ambae neno algorithimu limetokana na jina lake, kitabu chake cha aljebra sehemu nzima imekwenda kwenye wasia na mirathi. Yaani aljebra ilikaa na wajane na mayatima kabla haijakaa na x na y. Sisi tunayo lugha nzima ya vipande, thuluthi, robo, sudusi (moja ya sita), thumni, ushuri (moja ya kumi), kila mwaka watu wanatoa zaka robo ya ushuri, na bado tunamfundisha mtoto asilimia kwa mfano wa John alonunua matufaha.

Shangazi yangu wa Wete, Pemba, kasoma chuoni tu, chuo cha Kurani sio hichi chetu. Msimu wa karafuu anakaa pembeni ya jamvi na bakora kufukuza kuku. Mara moja zilianikwa kilo tisiini mbichi, mkwe wake akaja kumwambia kavu zimetoka ishirini na nne. Bi mkubwa hata hakunyanyua kichwa. "Tisiini inatoa thalathini, ikipungua sana ishirini na nane. Hizo nyengine kala jogoo?" Hichi ndicho ninachokitaka mimi kwa mtu mwenye digrii! Nambari ikija mbele yake aijue kama ina akili au haina, kabla hajaiandika.

Mfano mwengine. Sensa ya 2012 tulikuwa Zanzibar watu 1,303,569, ya 2022 tukafika 1,889,773, na ongezeko linatajwa asilimia 3.7 kwa mwaka. Mwanafunzi wangu akazidisha kwa kumi, akapata 37, akaona watu zaidi ya laki moja wamezidi hesabu yake na akatangaza kwenye grupu la WhatsApp kuwa takwimu zimepikwa. Ongezeko lenyewe ni karibu asilimia 45, kwa sababu kila mwaka ile 3.7 inapigwa juu ya watu walokwisha ongezeka, sio juu ya wale wa 2012. Kwa mwendo huo miaka kumi na tisa hivi tunakuwa mara mbili, na mtu asoliona hilo kesho ndie atakaepanga madarasa ya skuli na mabomba ya maji.

Dawa yetu sisi ni ipi? Kozi moja ya takwimu, muhula mmoja, watu mia mbili ukumbini, wanafundishwa vitufe vya programu. Nusu yao wanamlipa mtu awafanyie. Mimi nataka mwalimu wa historia aingie kwenye hesabu hizi. Akifika kwenye kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja asiishie kusema "uchumi uliathirika", aulize: mkarafuu ukipanda leo unakaa miaka sita saba ndio uanze kuzaa, haya, mwenye shamba alikula nini mpaka hapo, na kwa nini Pemba ndio ikashika karafuu? Mwalimu wa Kiswahili nae, na wa sharia, na wa uuguzi ndio kabisa, huko desimali ikikosea mahala pake mtu anakufa.

Haya, nakubali, ukiwa na karatasi mia mbili za kusahihisha na mshahara huu wetu, nani ana muda. Na wanaokuja hesabu waliziaga fomu foo. Nakubali lakini kwa shingo upande.

Yule kijana wa wavuvi nilimwambia afute asilimia zote, aandike "watano kati ya kumi na wawili". Akaenda akaandika, vizuri tu, na akanambia sasa mwenyewe anaifahamu ripoti yake. Juzi nimekutana nae kantini, kashika bahasha, hana raha. Msimamizi wake kamrudishia, kamwambia aziweke tena zile desimali, maana bila ya hizo kazi haionekani ya kitaalamu.