Mwandishi wa habari za tabianchi afundishwe kuuliza kuhusu kalavati

Aprili 29, 2024, alfajiri, maji yalishuka Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, yakasomba nyumba na magari na kuua watu zaidi ya 40. Kulipokucha, vyombo vya habari vya ndani na vya nje viliripoti kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ya Kenya ikaeleza kwamba halikuwa bwawa. Kalavati, yaani njia ya maji chini ya reli, ilikuwa imeziba kwa udongo, mawe na miti, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka tuta likaachia.

Ningekuwa na mamlaka, kila mafunzo ya uandishi wa habari za tabianchi Afrika Mashariki yangeanza na mkasa huo. Mvua ilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Lakini nani alipaswa kuzibua ile njia ya maji? Ilikaguliwa lini? Ilitengewa fedha kiasi gani? Mwandishi asiyeuliza hayo akaishia kuandika "mabadiliko ya tabianchi yaua" anawapa wahusika kichaka cha kujificha.

Semina tulizozizoea ni za siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli: slaidi za gesi joto, Mkataba wa Paris, vifupisho vya Umoja wa Mataifa, posho, picha ya pamoja. Siyabezi maarifa hayo. Mwandishi lazima ajue kwa nini hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, na kwa nini mvuke huo hushuka kama gharika. Shida ni kwamba akirudi kituoni kwake hakutani na Mkataba wa Paris. Anakutana na taarifa ya mkuu wa wilaya kuhusu daraja lililokatika, na hajafundishwa aihoji vipi.

Chukua utabiri wa msimu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ina utaratibu mzuri wa kukutana na waandishi kabla ya kutangaza mwelekeo wa mvua za Vuli au Masika. Hata hivyo habari nyingi hutoka na maneno mawili tu, "juu ya wastani", na mkulima anaelewa kwamba mvua itanyesha tele bila kukatika. Utabiri ule unazungumzia jumla ya mvua ya msimu mzima katika eneo pana, tena kwa lugha ya uwezekano. Msimu unaweza kufunga ukiwa juu ya wastani huku katikati yake kukiwa na wiki za jua kali zilizounguza mahindi. Hayo yafundishwe kwa kalamu na karatasi, mwandishi akiwa na ramani ya mkoa wake mezani na mtabiri ameketi pembeni yake.

Tukumbuke pia Oktoba 2023, Rais William Ruto alipowaambia Wakenya kwamba mvua hazitafikia kiwango cha El Niño kilichotabiriwa awali. Wiki chache baadaye mafuriko yakaua watu zaidi ya 100 nchini humo. Mwandishi aliyezoea kusoma utabiri mwenyewe angeinuka siku ileile kuwauliza wataalamu wa hali ya hewa kama kweli wamebadili kauli yao.

Kuhusu mchango wa tabianchi yenyewe, sasa kuna majibu ya kisayansi yanayotoka ndani ya wiki chache baada ya tukio. World Weather Attribution, kundi la wanasayansi wanaopima mchango wa tabianchi katika majanga, lilikadiria kwamba ukame ulioanza mwaka 2020 katika Pembe ya Afrika uliongezewa uwezekano wa kutokea takriban mara 100 na ongezeko la joto duniani. Kwa mvua za Masika ya 2024, kundi hilohilo lilikuta mchango mdogo zaidi, kama asilimia 5 ya ukubwa wa mvua, na likasisitiza namna miji ilivyopanuka na watu wanavyoishi mabondeni. Majanga mawili, ukanda mmoja, na majibu yanayotofautiana kabisa. Ndiyo maana nasema sentensi moja haiwezi kubandikwa kwenye kila gharika.

Nalo suala la nauli tulizungumze wazi. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari moja moja, na malipo hayo hayafiki hata gharama ya bodaboda kwenda kijijini. Baada ya maporomoko ya tope ya Hanang, mkoani Manyara nchini Tanzania, ya Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80, mji wa Katesh ulijaa kamera. Kamera zile ziliondoka na misafara ya viongozi. Wafadhili wanaolipia kumbi wangeweza kupunguza siku moja ya hoteli na kuigeuza nauli ya kurudi eneo la tukio baada ya miezi sita, kisha mwaka, kuona nani amejengewa, nani bado anaishi kwa ndugu, na mto umeachiwa njia gani.

Mhariri naye akae darasa hilohilo, mstari wa mbele, maana ndiye anayeikata aya ya kalavati ili kupata nafasi ya picha ya kiongozi akikabidhi magodoro.