Gemu za chombo cha angani zinachezwa na kidole gumba cha kushoto

Nasemaga hivi hapa Katuba, Lubumbashi, na vijana wananipinga kila mara: utamu wa gemu za chombo cha angani, zile za vifimbo viwili, hauko kwenye risasi, uko kwenye kukimbia. Kidole gumba cha kushoto ndio kinacheza, cha kulia kinasaidia tu.

Kwa wale hawajawahi kugusa, maneti, kile kifaa cha kushika mkononi, iko na vifimbo viwili, cha kushoto kinapeleka chombo, cha kulia kinaelekeza risasi, yani unakimbilia huku unapiga kule bila kugeuka. Zamani haikuwa hivyo. Kwenye Asteroids ya 1979 risasi inatokea kwenye pua ya chombo, ukitaka kumpiga aliye nyuma lazima ugeuke kwanza. Halafu 1982 ikatoka Robotron: 2084 ya Eugene Jarvis na Larry DeMar, hiyo hata si ya angani, ni mtu na maroboti, lakini ndio iliwaonyesha watu raha ya fimbo mbili, na Jarvis alifikia hapo kwa sababu alikuwa ameumia mkono kwenye ajali ya gari na kubonyeza kitufe cha risasi kulikuwa kunamshinda.

Sasa mi gemu yangu ni Geometry Wars: Retro Evolved 2, ya 2008, ya Bizarre Creations wa Liverpool. Wapo wanaosema picha zake ni za kitoto, eti mistari na maumbo tu. Angalieni vizuri jamani! Kila umbo lina tabia yake, almasi ya bluu inakufuata tu, mraba wa kijani unakwepa risasi zako, na adui akikufa anaacha vipande vidogo vinavyopandisha pointi, na vipande haviji vyenyewe, inabidi uende kuviokota palepale kwenye fujo kabla havijapotea, kwa hiyo anayekaa kwenye kona anamwaga risasi anabaki na pointi za kusikitisha.

Na kama bado unabisha, fungua modi ya Pacifism. Hapo risasi wamekunyang'anya kabisa. Uko na maisha moja, almasi za bluu zinakuja kundi kwa kundi, na kitu pekee cha kukuokoa ni mageti, ukipita katikati yanalipuka na kuua walio karibu, ukigusa ncha zake unakufa wewe. Nyuma yako kunakuwa mkia mrefu wa bluu, unauvuta makusudi, unauzungusha, halafu unaupitisha getini, weee, hakuna bunduki ya gemu yoyote inanipa ile raha. Gemu ya risasi imetolewa risasi na imezidi kuwa tamu! Sasa risasi ilikuwa inafanya nini pale?

Ndio maana nawaomba wenye vyumba vya kuchezea, gemu za mpira sawa, nazipenda sana, lakini wekeni na hii. Modi ya Deadline ni dakika 3 tu na watu 4 wanaweza kucheza pamoja kwenye ekra (skrini) moja, umeme ukikatika hakuna hadithi uliyopoteza, na mdogo mwenye pesa kidogo naye anapata zamu yake.

Kuna yaya mmoja, mkubwa wangu, ananiambia Super Stardust HD ya 2007 ndio kubwa. Ni nzuri, kuzunguka sayari nzima inapendeza sana, lakini pale kila saa unabadilisha silaha, hii ya mawe, hii ya barafu, hii ya dhahabu, na akili yote inahamia kwenye kupiga. Kitu kimoja nakubaliana naye: Geometry Wars ikichanganya sana, cheche zinajaa ekra mpaka chombo chako mwenyewe hukioni, na kufa kwa kutojiona inauma kuliko kufa kwa kuzidiwa.